Kilima cha Kulinganishia

Injinia Mustapha alikataa chai, akakataa maji, akakataa hata kuegemea kiti. Alikaa wima katika chumba cha mahojiano cha kituo cha polisi cha Bukoba kama mtu aliyekuja kudai, si kudaiwa.

"Nimeshasema, Inspekta. Niligombana na Nathanael mbele ya watu. Mwenye nia ya kuua hagombani mbele ya watu."

"Wengine huanzia hapo," alisema Inspekta Consolata Kagaruki. "Mligombania nini?"

"Majani."

Koplo Muksini, aliyekuwa akiandika pembeni, aliinua kichwa kuona kama ni utani. Mustapha hakuwa na uso wa utani.

"Majani," alirudia. "Kampuni yangu ilichimba bati pale Nyakishozi, wilayani Muleba, ikamaliza. Sheria inatutaka tufukie mashimo na kuotesha majani kabla ya kurudisha ardhi kwa wenyewe. Sasa majani kiasi gani? Ndipo ikaundwa kamati ya watu watatu. Nathanael Kamala, mtaalamu wa mimea, mwenyekiti. Mimi kwa niaba ya kampuni. Mzee Rwegasira kwa niaba ya wanakijiji waliohamishwa. Mimi nilileta kiwango ambacho wenzetu wanakitumia kwenye migodi ya makaa ya mawe. Unapima kijani kwenye ardhi iliyochimbwa, unapima kijani kwenye kilima cha jirani ambacho hakikuguswa. Cha kwanza kikifika sehemu saba katika kumi za cha pili, ardhi imepona."

"Na Nathanael?"

"Akakataa. Alitaka majani ya asili tu, yenye mizizi ya kwenda chini, yapimwe viangazi vitatu mfululizo. Nilimwambia anatutaka tumwumbie Mungu dunia yake upya. Ndiyo, nilipaza sauti."

"Jumatatu alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Rwamishenye. Peke yangu. Mke wangu yuko Mwanza."

Maiti ya Nathanael Kamala ilikutwa Jumatatu hiyo ikielea kwenye bwawa la shimo kubwa la Nyakishozi, shimo pekee ambalo kampuni ilikuwa haijalifukia. Watu walisema ameteleza. Daktari aliyempasua alisema sivyo: mapafu hayakuwa na maji, na fuvu lilikuwa limepasuka kisogoni. Alikufa kwanza, akatiwa majini baadaye. Bwawa limezungukwa na seng'enge na geti, na funguo za geti ni tatu, kila mjumbe na wake. Ufunguo wa Nathanael ulikutwa mfukoni mwake.

"Mzee Rwegasira naye ana ufunguo," Mustapha alisema, kana kwamba amesoma mawazo ya Consolata.

"Mzee Rwegasira alikuwa upande wa marehemu."

"Nani kakuambia?"

Consolata alifunga jalada. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kila mtu alilichukulia hivyo tu: kampuni inataka kiwango cha chini, wenye ardhi wanataka cha juu. Alimrudisha Mustapha mahabusu, akaenda chumba cha vielelezo kuzitazama tena nguo za marehemu.

Alizitandaza mezani moja moja. Alipogeuza shati, kitu kilimchoma kidoleni. Ilikuwa mbegu nyembamba yenye mkia mweusi uliojisokota, imejikita katika kitambaa kama sindano. Pembeni yake kulikuwa na nyingine, na nyingine. Mgongo mzima wa shati ulikuwa umejaa, na maji ya bwawa hayakuzing'oa.

Akaitia moja kwenye bahasha, akapanda Kibeta, kwenye ofisi ya marehemu.

Annastella alikuwa amefanya kazi na Nathanael tangu wote wawili watoke chuoni. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja cha mbele katika nyumba ya kawaida ya Kibeta, na kiti cha marehemu bado kilikuwa na sweta lake. Aliitazama ile mbegu bila kuigusa.

"Hii ni ya rweya," alisema. Rweya ndilo jina la Wahaya kwa uwanda wa majani nje ya migomba, mahali pa kuchungia na kukata majani. "Mbegu hizi huanguka kiangazi, wakati kama huu. Zinajisokota zenyewe zikipata unyevu. Ndiyo maana hazikutoka."

"Kandokando ya bwawa kuna majani haya?"

"Hayapo. Ndani ya seng'enge yote kampuni imepanda aina moja tu ya majani ya kutambaa, tena ya kuletwa. Ulizitoa wapi kwenye nguo? Soksi?"

"Mgongoni."

Annastella aliketi. Alichezea mfuniko wa kalamu.

"Ukitembea zinashika soksi na suruali. Zikiwa mgongoni, mtu amelala chali. Rweya ya karibu na shimo ni moja, ng'ambo ya bonde. Kilima cha kulinganishia."

"Kile ambacho kampuni inapimwa nacho?"

"Hicho hicho. Jumamosi aliniambia anakwenda kukitazama. Alisikia kinakauka vibaya."

Consolata alisimama, kisha akauliza swali lililokuwa likimsumbua tangu asubuhi. "Kwa nini aling'ang'ania mizizi? Mtu akishapewa ardhi yenye majani, si inatosha?"

"Kwa sababu lile ni zulia, Inspekta. Juu wamemwaga udongo mzuri, haufiki hata urefu wa kiganja. Chini yake ni kifusi kichachu. Mzizi ukifika pale unapinda unarudi. Majani mafupi yataishi. Mgomba hauwezi, mbuni hauwezi. Nathanael alitaka kiwango kitakachoilazimisha kampuni kuchimbua na kurekebisha chini."

"Wenye ardhi wanalijua hilo?"

"Alikuwa awaambie akishapata uhakika wa maabara. Alisema hataki kuwavunja moyo kwa jambo la kudhani."

Walifika Nyakishozi mchana, Consolata, Annastella na Koplo Muksini, kwa gari la polisi. Waliliacha chini barabarani, wakapanda kilima kwa miguu. Upande wa pili wa bonde ardhi ya mgodi ilikuwa ya kijani laini, kijani cha kupendeza macho. Kilima walichosimama juu yake kilikuwa kimekufa.

"Kiangazi hiki kimekuwa kikali," Muksini alisema.

"Kiangazi hakichori mistari," Consolata alimjibu.

Ilikuwa kweli. Majani yalikuwa yamekauka kwa mistari mipana iliyopanda na kushuka, kila mmoja upana wa mkono wa mtu anayepunga huku na huku, na kati ya mstari na mstari kulikuwa na ukingo mwembamba uliobaki na rangi. Annastella alipiga magoti, akavuta shina. Lilitoka bila ubishi, mzizi wake umeoza rangi ya tumbaku.

"Dawa ya magugu," alisema. "Bomba la kubeba mgongoni." Akabaki amelishika lile shina. "Jumanne ofisi ya kamati ilituma watu kupima kilima hiki kwa ajili ya kikao. Sisi tulikuwa Kashozi, kwenye maziko ya Nathanael. Inspekta, unaona walichopima?"

Consolata aliona. Ukitakiwa kufikia sehemu saba katika kumi za mwenzako, njia moja ni wewe kupanda. Njia nyingine ni kumshusha mwenzako.

"Basi ni Mustapha," Muksini alisema. "Nathanael kamfuma ananyunyiza, au kamfuma mtu wake. Kesi imekwisha, afande."

Ilielekea hivyo. Hatua chache kutoka hapo walikuta jiwe lililochomoza ardhini, lina doa jeusi na nywele zilizogandia, na majani yaliyolala kulizunguka. Muksini alipiga picha, akakwangua doa na kulihifadhi. Consolata hakusogea. Alikuwa akitazama juu kidogo ya jiwe, ambako katikati ya majani mafu palisimama duara la majani hai, marefu, yakicheza na upepo. Halikuwa kubwa. Mtu angeweza kulizungushia mikono yake miwili.

"Bomba liliziba pale," Muksini alisema.

"Liliziba mara ngapi? Mistari mitatu inapita hapo, mmoja baada ya mwingine, na yote mitatu imekatika mahali pamoja. Bomba halikuziba. Mnyunyizaji aliinua mkono."

"Kwa nini?"

"Kibarua wa Mustapha angeinua mkono kwa sababu gani?"

Muksini aliitazama ile sehemu. Haikuwa na jiwe, haikuwa na mti, haikuwa na alama yoyote.

Nyumba iliyokuwa karibu zaidi na kilima ilikuwa ya mzee Rwegasira, nyumba ya matofali mabichi kwenye kipande chembamba kando ya barabara, migomba michache nyuma yake imebanana kama watu waliokimbilia mvua. Mzee hakuwapo, alikuwa amepeleka ndizi gulioni. Mkewe aliwapokea. Consolata alipinda magoti kidogo, akamwamkia kwa Kihaya kama mtoto amwamkiavyo mkubwa.

"Shumalamu, Ma Alistidia."

"Marungi, mwanangu. Karibuni. Kaeni mtafune akamwani."

Aliwaletea buni zilizochemshwa na kukaushwa, katika kikapu kidogo, na kila mmoja akachukua, kwa kuwa kukataa akamwani ni kukataa nyumba. Walizungumza habari za msiba. Ma Alistidia alimsifu Nathanael, kijana mwenye adabu, aliyekuwa akikaa pale pale mlangoni na kula alichopewa. Alipokuwa akisema hayo machozi yalimlengalenga, na hayakuwa ya uongo. Consolata aliyaona, akangoja yapite.

"Mama, nimetoka kilimani. Kuna mahali majani yamesimama peke yake, juu ya lile jiwe. Nani amezikwa pale?"

Mama aliweka kikapu chini. Kisha akatikisa kichwa, kama mtu anayeshangaa kuulizwa jambo ambalo hakuwahi kuulizwa.

"Mtoto wetu wa kwanza. Wa kiume. Hakukaa hata wiki. Hakubatizwa, hakupewa jina." Alifuta magoti yake kwa viganja. "Tulimzika kibanjani kwetu, kule ndani ya seng'enge. Ulikuwa ni mgomba mtupu pale, mwanangu, na kahawa, usingeona jua. Kampuni ilipokuja ikahesabu makaburi ya kuhamishwa, ikahesabu yenye msalaba na yenye saruji. La kwetu halikuwa na kitu. Basi mzee akamchimbua mwenyewe, tukampeleka kilimani sisi wawili."

"Wengine wanalijua kaburi hilo? Watoto wenu wakubwa? Majirani?"

"Nani atalijua? Watoto hatukuwaambia. Ni mimi na mzee tu."

Annastella aliinuka, akatoka nje. Ma Alistidia alimfuata kwa macho, akayarudisha kwa Consolata. Hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba amesema neno, ingawa hakujua ni lipi.

"Kwani pana nini, mwanangu?"

Consolata alimeza buni iliyokuwa mdomoni. Ilikuwa bado ngumu. "Pana dawa, mama. Kilima chote kimenyunyiziwa dawa. Pale tu ndipo palipoachwa."

Walikaa hivyo mpaka baiskeli iliposikika nje.

Rwegasira alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye mikono ya mtu aliyelima maisha yake yote katika ardhi ya wengine na yake mwenyewe. Aliona gari barabarani, akamwona askari mlangoni, akamwona mkewe amekaa chini na khanga mdomoni. Aliiegemeza baiskeli ukutani kwa uangalifu.

"Ta Rwegasira," Consolata alisema, akimwita baba kwa Kihaya, "nataka twende Bukoba tuzungumze."

"Tutazungumza hapa hapa. Bukoba ni mbali, na mimi maneno yangu ni machache."

"Sheria inataka nikuonye kwanza. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema laweza kutumika mahakamani."

"Nimesikia."

Muksini alifungua daftari. Mzee alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, akaongea akitazama ng'ambo ya bonde.

Alikwenda kilimani alfajiri kumalizia kipande kilichobaki. Ukungu ulikuwa mzito, hakumwona Nathanael mpaka alipomfikia. Nathanael alikuwa amechuchumaa, anang'oa majani na kuyatazama. Akamwuliza, Ta, ni nani amefanya hivi? Naye akamjibu, ni mimi.

"Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali. Alisema basi, tutaanza upya. Tutatafuta kilima kingine, tutahesabu upya, viangazi vitatu. Nikamwambia mwanangu, mimi viangazi vitatu nitavipata wapi? Nimekaa kwenye kijipande hiki cha ardhi nikiitazama ardhi yangu kila asubuhi. Ni kijani. Naiona ni kijani. Akasema, kijani si kitu, Ta. Akanishika mkono. Nikamsukuma. Sikumpiga. Nilimsukuma."

"Kwa nini usiite watu?"

"Alikuwa ameshakufa. Nilimwekea sikio kifuani." Alivuta pumzi. "Nilimfunga kwenye baiskeli kama ninavyofunga ndizi, nikamfunika kwa majani. Njiani watu wawili walinisalimu, mmoja akaniuliza nauza bei gani. Ufunguo ninao. Nikasema, shimo limekula vingi, acha lile na hiki."

"Na dawa ulipata wapi?"

"Dukani Muleba. Kila mtu anainunua."

"Nani alikuambia kwamba kilima kikifa, kiwango kinashuka?"

"Injinia Mustapha."

Muksini aliacha kuandika.

"Alikuambia unyunyizie?"

"Hapana. Alinieleza hesabu."

Mkewe aliishusha khanga mdomoni. Sasa alinyanyuka, akapita kati ya askari na mumewe, akaingia ndani, akamletea koti. Bukoba usiku kuna baridi ya ziwa. Alimvika kama avikwavyo mtoto, akafunga vifungo vyote, halafu akamwuliza kwa Kihaya, polepole, kama kweli ni yeye, mkewe, aliyemfichua kwa polisi. Consolata alisikia, akageuza uso. Mzee alimjibu kwamba hapana, si yeye.

Kesho yake Mustapha alitolewa mahabusu. Alisimama mbele ya kaunta akirudisha mkanda kiunoni, tundu kwa tundu.

"Ulimwambia nini hasa yule mzee?" Consolata alimwuliza.

"Nilimweleza mjumbe mwenzangu kanuni aliyokuwa anaipigia kura. Ni haki yake kuielewa."

"Kwa maneno gani?"

"Kwamba kampuni haipimwi na bustani ya Edeni. Inapimwa na kile kilima. Kilima kikiwa na majani mengi, tunadaiwa mengi. Kikiwa na machache, tunadaiwa machache, na seng'enge inaondoka mapema." Alimaliza mkanda, akaanza kamba za viatu. "Sikumpa dawa. Sikumpa bomba. Sikumtaka afanye lolote. Kuna kifungu cha sheria nilichovunja, Inspekta?"

Consolata alikuwa amekitafuta usiku kucha kichwani. "Hakuna."

"Basi nipatie simu yangu."

Kikao cha kamati kilifanyika wiki ileile, katika ukumbi wa kukodi mjini Bukoba. Consolata alikwenda na taarifa yake, akasimama mbele, akaeleza kwamba kilima kilichopimwa Jumanne kilikuwa kimeuawa kwa dawa, na kwamba aliyekiua alikuwa mjumbe wa kamati hiyohiyo. Kaimu mwenyekiti, ofisa mmoja mpole aliyeteuliwa siku mbili kabla, alimshukuru. Akasema jinai ni kazi ya polisi. Kamati ilikuwa na vipimo vya msimu huu, vimesainiwa, na kanuni haikusema kilima cha kulinganishia kiwe hai kwa kiasi gani wala kimekauka kwa sababu gani.

Annastella aliomba nafasi. Alizungumza na wanakijiji waliojaa nyuma, si na meza. Aliwaambia kuhusu kifusi kichachu, kuhusu mizizi inayopinda. "Mnapewa zulia," alisema. "Mgomba hautashika pale. Nathanael alitaka kuwapa ardhi."

Mjumbe mpya wa wanakijiji alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Celina. Alisikiliza mpaka mwisho, bila dharau.

"Kwa nini hakutuambia?" aliuliza.

"Alikuwa akingoja uhakika wa maabara," Annastella alisema.

"Tumesikia mengi ya wataalamu, mama. Walisema tutahama mwaka mmoja. Watoto wangu wameota ndevu kwenye kiwanja cha kupanga. Mimi macho yangu yanaona kijani."

Kura ilipoitishwa, mkono wake ndio uliokuwa wa kwanza kupanda. Wa Mustapha ulifuata.

Jioni hiyo Consolata aliteremka mahabusu. Rwegasira alikuwa amekaa kwenye benchi, koti limefungwa mpaka shingoni. Alikwisha kutoa maelezo yake tena mbele ya mlinzi wa amani mahakamani, hakubadilisha neno. Hakuuliza habari za wakili, wala za miaka mingapi.

"Kikao kimekaa?"

"Kimekaa."

"Kiwango kimepita?"

"Kimepita, Ta. Seng'enge inaondolewa mwezi ujao."

Mzee aliweka mikono juu ya magoti. Mabega yake yalishuka taratibu, kama ya mtu aliyetua mzigo wa kutoka mbali, na uso wake ukawa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Consolata amjue.

"Utakwenda tena Nyakishozi?"

"Nitakwenda."

"Mwambie Ma Alistidia asipande mahali pote kwa pamoja. Aanzie upande wa mashariki, palipokuwa na zizi la ng'ombe wa baba. Pale chini pana samadi ya miaka. Aweke migomba kwanza, kahawa baadaye, kivuli kikishafunga. Na mashimo ayachimbe marefu, asione uvivu. Mgomba unapenda kwenda chini."

Askari wa zamu alikuwa amesimama na funguo, anangoja.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia," alisema Consolata, akatoka.